Kijana Akitaka Shule ya Uhuru, Mzazi Aulize Kanuni

Katika shule ya Summerhill, iliyoko Leiston mashariki mwa Uingereza, mwanafunzi asiyetaka kuingia darasani halazimishwi. Mzazi mwenye kijana aliyechoshwa na mitihani akisikia hayo huona ameokoka. Jirani yake huona ni ada ya kutupa. Wote wawili wamevutwa na darasa tupu, wakasahau kutazama mkutano.

Maana kanuni Summerhill zipo, tena tele. A. S. Neill, aliyeianzisha shule hiyo mwaka 1921, aliziacha mikononi mwa mkutano wa shule, ambamo kura ya mtoto na ya mwalimu zina uzito mmoja. Saa ya kulala huamuliwa humo. Anayewasumbua wenzake usiku hushtakiwa humo, na akipatikana na kosa anaweza kunyimwa kitindamlo au kupelekwa mwisho wa foleni ya chakula. Kijana anayedhani anakwenda kupumzika atashangaa: atakaa vikaoni, atasikiliza hoja za mtoto mdogo kuliko yeye, na atashindwa kwa kura.

Mwaka 1999 wakaguzi wa serikali waliibana shule hiyo, hasa kwa sababu ya masomo ya hiari, na kesi ikafika mahakamani London Machi 2000. Serikali ilipolegeza msimamo na kupendekeza makubaliano, wanafunzi waliruhusiwa kufanya mkutano wao ndani ya chumba cha mahakama. Wakajadili, wakapiga kura, wakakubali. Ni vijana wangapi wa shule zenye sifa kubwa za mitihani wangeweza kuendesha kikao kama hicho?

Bedales, iliyoanzishwa na John Badley mwaka 1893 na sasa ipo Hampshire, ni habari nyingine. Huko masomo ni lazima. Lakini hakuna sare, mwalimu huitwa kwa jina lake la kwanza (mzazi wa Kiswahili ajiandae), na tangu 2006 shule ina kozi ilizotunga yenyewe zinazochukua nafasi ya baadhi ya mitihani ya kitaifa. Kazi za mikono na za shambani nazo zimo. Mtanzania aliyelima shamba la shule enzi za Elimu ya Kujitegemea hataona jipya hapo, isipokuwa bei.

Shule zote mbili hupokea wa bweni na wa kutwa, na hapa ndipo wazazi wengi hukosea kwa kubana matumizi. Katika shule za namna hii, mengi hutokea jioni, baada ya wa kutwa kurudi nyumbani. Mzazi akitembelea shule, asitosheke na mwanafunzi aliyeteuliwa kumzungusha. Amtafute mwingine, amuulize ni kanuni gani wanafunzi waliibadilisha karibuni. Akijibiwa kwa kigugumizi, uhuru huo ni wa kwenye vipeperushi tu.

Kisha kuna fedha. Tangu Januari 2025 ada za shule binafsi Uingereza hutozwa kodi ya ongezeko la thamani ya asilimia 20. Hata shule zenye jina hufa: Dartington Hall, iliyovuma sana katika mrengo huu, ilifunguliwa 1926 ikafungwa 1987. Nyingi za shule hizi zimesajiliwa kama taasisi za hisani, hivyo hesabu zake ziko wazi kwa umma, na mzazi anaweza kuzisoma kabla ya kulipa ada ya muhula wa kwanza.