Jopo, Wala si Safu: Istilahi za Mitambo ya Redio Inayounda Taswira ya Jua

Katika uundaji wa istilahi za Kiswahili, neno jipya aghalabu hupimwa kwa vigezo viwili: ufupi wake na kukubalika kwake kwa wazungumzaji. Kigezo cha tatu, yaani iwapo neno hilo linaeleza namna kitu chenyewe kinavyofanya kazi, huachwa nyuma. Athari ya upungufu huo hudhihirika katika elimu ya nyota, hususan inapojadiliwa mitambo ya redio inayolichunguza Jua. Neno linalomjia mfasiri kwanza ni "safu": safu ya antena, safu ya darubini za redio. Neno hilo ni fupi na linafahamika, lakini linapotosha.

Ili upotoshaji huo ubainike, sharti kwanza dhana yenyewe ielezwe. Mnamo Februari 1942, rada za jeshi la Uingereza zilipokea kelele kali iliyodhaniwa kuwa ni hila ya adui. J. S. Hey alibaini kuwa chanzo chake kilikuwa Jua, ambalo siku hizo lilikuwa na kundi kubwa la madoa. Ugumu uliofuata ulikuwa kutambua ni sehemu ipi ya Jua iliyotoa mawimbi hayo, kwa kuwa mawimbi ya redio ni marefu mno. Katika masafa ya megahezi 80, urefu wa wimbi ni mita 3.75. Dishi moja lenye kipenyo cha mita 13 haliwezi, kwa wimbi hilo, kupambanua vitu vilivyotengana kwa chini ya digrii 16 hivi, ilhali upana wa Jua lote angani ni nusu digrii tu. Ndiyo maana huko Culgoora, Australia, Paul Wild na wenzake walitumia, kuanzia 1967 hadi 1984, madishi 96 ya kipenyo hicho, yakiwa yamepangwa katika mduara wenye kipenyo cha kilomita 3.

Utendaji wenyewe waonekana bayana zaidi katika mtambo wa Nobeyama, Japani, uliofanya kazi kati ya 1992 na 2020. Ulikuwa na madishi 84, kila moja likiwa na kipenyo cha sentimita 80. Hakuna dishi hata moja lililoona picha ya Jua. Wimbi lilizifikia antena mbili kwa nyakati zilizotofautiana kidogo, na ishara za antena hizo zikalinganishwa. Kila jozi ilitoa kipande kimoja cha habari. Madishi 84 huzaa jozi 3,486, na kutokana na vipande hivyo kompyuta ikakokotoa taswira. Wingi huo una sababu: mlipuko wa Jua hubadilika katika muda wa sekunde, hivyo jozi zote hazina budi kutoa ushahidi wao kwa pamoja.

Je, "safu" inayabeba haya? Safu ni vitu vilivyofuatana. Nobeyama ilikuwa na umbo la herufi T. Culgoora ilikuwa mduara, na vivyo hivyo mtambo wa Daocheng nchini China, uliokamilika 2022, wenye antena 313 katika mduara wa kipenyo cha kilomita 1. Yamkini atatokea wa kujibu kwamba safu ya milima nayo hainyooki, na kwamba maana za maneno hupanuka. Hoja hiyo ina uzito, ila haitoshi. Hata inapopanuka, "safu" hubaki na wazo la kufuatana, wala haina wazo la kulinganisha na kuafikiana. Mwanafunzi anayeisoma atadhani kuwa kila darubini inapiga picha yake, kisha picha hizo zinapangwa moja baada ya nyingine.

Kiswahili kina neno "jopo". Jopo la majaji au la madaktari huwa na wajumbe wengi. Kila mmoja huleta alichokipata, na uamuzi hutoka mmoja, ambao si mali ya mjumbe yeyote peke yake. Jopo la antena hufanya vivyo hivyo. Kwamba neno hili hutumika kwa watu si kikwazo, kwani lugha iliyoupa msumeno meno na meza miguu haiwezi kuzinyima antena jopo.

Hali kadhalika, "kupiga picha" ni usemi wa kamera. Hapa taswira huundwa. "Darubini", kwa upande mwingine, haina dosari: asili yake ya Kiajemi ni kuona mbali, wala haikutaja kioo.

Mjadala huu si wa maneno matupu. Afrika Kusini ilizindua MeerKAT yenye madishi 64 mwaka 2018, na Kenya ni miongoni mwa nchi za Afrika zilizoshirikishwa katika mradi mkubwa zaidi wa SKA. Vijana wanaozungumza Kiswahili watakutana na elimu hii. Wakipewa neno lililofasiriwa juujuu, watalazimika kuielewa dhana kwa lugha nyingine kwanza, kisha kulikariri neno la Kiswahili kama pambo. Istilahi ya namna hiyo huongeza kurasa za kamusi bila kuongeza maarifa.