Utafiti Uliofanywa Kwetu Urudi Kwetu

Ndugu zangu wa Kanyabayonga, Kayna na Kirumba, wa Lubero, Butembo na Beni. Mliobaki nyumbani na mnaohifadhiwa kwa wenyeji tangu vita vilipotufikia mwisho wa Juni 2024: nawaomba mnisikilize juu ya jambo lisilo na bunduki, yaani utafiti usioturudia, ingawa nalo limetugharimu uhai wa watu.

Zipo dawa mbili za Ebola ambazo Shirika la Afya Duniani linazipendekeza tangu Agosti 2022. Zote mbili zilipimwa hapa kwetu. Utafiti wenyewe uliitwa Pamoja Tulinde Maisha. Ulianza Novemba 2018 na ukafanyika Beni, Mangina, Katwa na Butembo kwa wagonjwa 681. Kati ya waliopewa dawa hizo mbili, waliokufa walikuwa theluthi hivi. Kwa dawa nyingine mbili zilizopimwa wakati huohuo walikufa nusu hivi. Moja ya dawa zilizoshinda chanzo chake ni damu ya mtu aliyepona Ebola kule Kikwit mwaka 1995, na Profesa Jean-Jacques Muyembe, Mkongomani mwenzetu, alikuwa miongoni mwa walioongoza utafiti huo. Matokeo yakachapwa kwa Kiingereza katika jarida la madaktari huko Marekani.

Ni wangapi kati yetu wanaoyajua haya? Ni familia ngapi za Katwa zinazojua kwamba ndugu yao aliyelala katika kituo cha matibabu ya Ebola, awe alipona au alifariki, aliisaidia dunia kupata dawa? Wangeambiwa, wangeinua kichwa. Ni haki yao.

Tukumbuke miaka ile. Ugonjwa ulitangazwa tarehe 1 Agosti 2018 ukianzia upande wa Mangina, ukatangazwa kuisha tarehe 25 Juni 2020 baada ya kuua watu 2,287. Hata zoni ya afya ya Kayna iliguswa. Desemba 2018 nchi ikapiga kura, Beni na Butembo zikaambiwa zingoje hadi Machi, na Ebola ikatajwa kuwa sababu. Watu waliokuwa wakizika wenzao waliochinjwa kwa mapanga katika mauaji ya Beni, bila mtu kuja kuwaeleza lolote, ghafla wakaona magari mengi ya wageni. Maelezo yalipokosekana, uvumi ukachukua nafasi. Februari 2019 vituo vya matibabu vya Katwa na Butembo vikashambuliwa na kuchomwa. Tarehe 19 Aprili, Daktari Richard Mouzoko, Mkameruni aliyekuja kutuhudumia, akauawa kwa risasi ndani ya kliniki za Chuo Kikuu cha Graben. Mauaji yale hayana udhuru wowote. Lakini tusijidanganye: elimu iliyokaa mbali na wananchi ilichangia kuwaacha wengi wetu mikononi mwa waongo.

Na vyuo tunavyo. UCG, yaani Chuo Kikuu hicho cha Kikatoliki cha Graben, ilianza mwaka 1989 chini ya Askofu Emmanuel Kataliko, wakati mtoto wa Lubero aliyetaka chuo kikuu ilimbidi aende mbali sana, na watu wa hapa waliibeba kwa mikono na michango yao. Zipo pia nyingine: Chuo Kikuu Rasmi cha Ruwenzori (UOR) na Chuo Kikuu cha Assomption mjini Butembo, Chuo Kikuu cha Waadventista cha Lukanga, Chuo Kikuu cha Kikristo cha Lugha Mbili (UCBC) cha Beni kilichofunguliwa mwaka 2007, ambako kazi za mikono na huduma kwa jamii ni sehemu ya masomo. Kasugho kuna chuo cha uhifadhi kilichotokana na uamuzi wa wami na wananchi wenyewe wa kutenga msitu wa Tayna kwa ajili ya gorila. Hivi si vyuo vya watu wa mbali.

Kila mwaka vijana hupita katika mashamba yetu, hospitali zetu na masoko yetu wakiwa na karatasi za maswali. Tunawajibu. Tunawapa kiti, tunawapa chakula kama kipo. Kisha kijana anatetea andiko lake la kumaliza masomo (TFC au mémoire) kwa Kifaransa mbele ya walimu, wazazi wanapiga makofi, picha zinapigwa, na kitabu kinapangwa kwenye rafu ya maktaba. Aliyejibu maswali haoni hata ukurasa mmoja.

Chukueni kwa mfano ugonjwa wa mnyauko wa migomba. Mwaka 2006 watafiti, jina la Ndungo likiwa la kwanza katika orodha yao, walichapa katika jarida la kigeni kwamba ugonjwa huo umeingia Kongo. Tangu hapo mengi yamejulikana. Wadudu hubeba vijidudu kutoka ua la dume la mgomba mmoja hadi mwingine. Basi ua hilo livunjwe mapema kwa kijiti chenye panda, si kwa kisu. Panga lililokata mgomba mgonjwa lipitishwe motoni kabla ya kugusa mwingine. Wala si lazima kung'oa shina zima: kata mgomba unaoumwa tu, chini kabisa, na rudia kila unapoona mwingine. Haya hayahitaji fedha, yanahitaji kuambiwa. Mzee aliyeng'oa shamba zima la ndizi, akakosa za kupika na za pombe ya kasiksi, alistahili kuyasikia siku ileile chuo kilipoyajua.

Ndiyo maana naomba tufanye jambo moja, sote. Kila mwanafunzi anayemaliza aandike kurasa mbili kwa Kiswahili au Kinande: aliuliza nini, alipata nini, tufanye nini. Azisome kwa sauti palepale alipokusanyia majibu. Wakuu wa vyuo waliweke hilo kuwa sharti kabla ya kutetea. Uwezo huo wanao. Redio zetu zitoe kipindi kila juma na kumwacha kijana azungumze kama anavyozungumza na mama yake. Wafanyabiashara wa Butembo, mliozoea kuchanga kwa ajili ya barabara na makanisa, mlipeni huyu kijana usafiri wa pikipiki. Na vyuo vifungue milango siku moja kwa muhula, ili mama wa soko aingie maabara na kuona mwanawe anashinda akifanya nini.

Najua barabara ya kusini si salama kwa kila mtu. Asiyeweza kufika arekodi sauti kwenye simu na kuituma. Wakimbizi wa Kayna walioko Butembo nao wanaweza kukusanyika na kusikiliza. Shamba watalirudia siku moja na elimu hiyo watakuwa nayo.

Nasi tunaojibu maswali, tuanze sasa kumwambia kila mtafiti: tutakujibu, lakini tuahidi kwamba utarudi. Mkuu wa kartiye, mwami, padri, mchungaji, imamu, kijana huyo akibisha hodi kwako baada ya misa, ibada, swala au kazi ya pamoja ya salongo, mpe robo saa.