Kihispania kinakataza kama Kirundi

Mama wa Buyenzi, mtaa wa Bujumbura, anayemhimiza mwanawe aeleze yaliyotokea humwambia "Sema!" Akitokea mgeni mlangoni, hugeuza haraka: "Usiseme!" Jirani yake wa Kirundi naye hutoka kwenye "Vuga!" akaingia "Ntuvuge!" Irabu ya mwisho, a, imekuwa e, wala hakuna aliyekalishwa darasani kufundishwa hilo. Kijana wa mtaa huohuo akifungua kitabu cha Kihispania atakuta "¡Habla!" ikikatazwa kwa "¡No hables!"

Kihispania hakina undugu wowote na Kiswahili wala Kirundi. Chenyewe ni mtoto wa Kilatini. Zinachoshiriki lugha hizi tatu ni mwenendo. Zikitaka kukataza, huliacha umbo la amri na kuchukua lile la kutakia au kupendekeza, kama "aseme" na "twende". Kifaransa hakina habari na hayo: "Parle!" hukatazwa kwa "Ne parle pas!", kitenzi kikabaki vilevile.

Hapo ndipo mafundisho yanapokwenda kombo. Mrundi anayejifunza lugha nyingine ya Ulaya aghalabu huelekezwa kupitia Kifaransa, kwa kuwa ndicho alichosomea. Basi huambiwa kwamba Kihispania kina ajabu ya kubadili kitenzi katika katazo, ilhali yeye amekuwa akifanya hivyo tangu alipoanza kuongea! Sheria ya lugha ya Burundi ya mwaka 2014 iliweka Kirundi, Kifaransa na Kiingereza kuwa lugha rasmi, na Kiswahili kinafundishwa shuleni. Utajiri huo hauna faida kubwa ikiwa kila lugha inafungiwa kwenye kipindi chake.

Mfanano una mipaka, na mwalimu asiifiche. Vitenzi vya Kihispania vyenye -ar ndivyo vinavyopokea e. Vya -er na -ir huenda kinyume: "¡Come!" yaani kula, huwa "¡No comas!", na "¡Escribe!" huwa "¡No escribas!" Kiswahili nacho kina vitenzi visivyofuata mkumbo, vingi vikiwa vya asili ya Kiarabu: usirudi, usijaribu. Tofauti ni kwamba hivyo havibadiliki kabisa. Kwa watu wengi, "msiseme" na "ntimuvuge" hulingana na "no hablen" ya Amerika ya Kusini. Hispania, marafiki huambiwa "no habléis".

Kwenye kitu kinachotajwa, Kifaransa kinastahili shukrani. "Kinunue" na "usikinunue" huacha -ki- palepale mbele ya mzizi. Kihispania hukihamisha: "¡Cómpralo!" hugeuka "¡No lo compres!", sawa na Kifaransa kinavyotoka "Achète-le!" kwenda "Ne l'achète pas!" Mwalimu aanze na "ntuvuge" na "usiseme", dakika chache tu, kisha muda uliobaki autumie kwenye hiyo "lo" inayoruka mbele ya kitenzi.