Pikapu Mbili na Mlima wa Sekenke

Msafiri atokaye Singida kwenda Nzega, akiisha kupita Misigiri, hufika ukingoni mwa Mlima Sekenke, ambako barabara huteremka kwa kona kali hadi nchi tambarare ya Shelui na mbuga za Wembere. Wengi hulijua jina la Sekenke kwa dhahabu yake, iliyoanza kuchimbwa wakati wa utawala wa Wajerumani. Madereva hulijua kwa sababu nyingine: hapo ndipo gari hupimwa nguvu zake. Nionavyo mimi, hapo pia ndipo pafaapo kuanzia tukitaka kulijibu swali linalozusha ugomvi katika ofisi nyingi: kwa nini pikapu mbili za dizeli, za muundo mmoja na mwaka mmoja, hazitumii mafuta sawasawa?

Tuseme ofisi moja ina pikapu mbili za namna hiyo. Ya kwanza huenda kilomita 11 kwa lita moja, ya pili kilomita 8. Mhasibu akiziona tarakimu hizo, mara nyingi wazo lake la kwanza ni kwamba dereva wa gari la pili anauza mafuta njiani. Wizi wa mafuta upo, wala sikusudii kuutetea. Lakini kumfukuza mtu kazi kwa tarakimu moja isiyochunguzwa si haki, wala si sayansi.

Natuanze na mlima wenyewe. Pikapu iliyopakiwa, yenye uzito wa tani 3, ikipanda meta 100 kwenda juu huhitaji nishati ya megajuli 3 hivi. Lita moja ya dizeli ina megajuli zipatazo 36, lakini injini hugeuza kama theluthi moja tu kuwa kazi. Iliyobaki hupotea kuwa joto. Kwa hiyo kila meta 100 za kimo hugharimu karibu robo lita, mbali na mafuta ya kwenda mbele. Pikapu tupu ya tani 2 huhitaji theluthi mbili tu ya kiasi hicho. Basi gari lipelekalo saruji Singida kutoka Shelui haliwezi kulinganishwa na lile lipelekalo barua.

Uko na upepo. Singida ni nchi ya upepo, na mara nyingi upepo huo huvuma kutoka mashariki. Nguvu ya hewa inayolizuia gari hukua kwa mraba wa mwendo: ukitoka kilomita 80 kwa saa hadi 100, kizuizi hicho huongezeka kwa zaidi ya nusu. Gari liendalo kilomita 80 likikabili upepo wa kilomita 20 hukutana na hewa kana kwamba linakwenda 100. Hivyo arudiye Singida kutoka Nzega hupanda mlima na kukabili upepo kwa pamoja, na mwenzake aendaye Nzega husaidiwa na vyote viwili. Barabara ni ile ile na gari ni lile lile, lakini hesabu ni mbili.

Kisha hayo magari yanayoitwa sawa huenda yasiwe sawa. Chujio la hewa lililojaa vumbi, nozeli zilizochakaa, pampu ya dizeli isiyopangwa vizuri, breki inayokwaruza, matairi yenye upepo mdogo: kila kimoja hula sehemu yake. Moshi mweusi ni dalili ya mafuta yasiyoungua sawasawa. Hata dashibodi inaweza kudanganya. Ukifunga matairi yenye kipenyo kilichozidi kile cha asili kwa asilimia 5, gari litakwenda kilomita 105 za kweli na dashibodi itasema 100. Hapo dereva ataonekana mwizi kwa sababu ya tairi.

Mafuta nayo yana habari zake. Dizeli iliyochanganywa na mafuta ya taa ina nishati pungufu kwa lita, na hailainishi pampu ipasavyo. Ubaya huo ulienea nchini kiasi kwamba mwaka 2010 EWURA ilianza kuweka vinasaba katika mafuta, na mwaka 2011 Serikali ikapandisha ushuru wa mafuta ya taa ili faida ya kuchanganya iondoke. Tena dizeli hutanuka kwa joto: ikizidi nyuzi 20, ujazo wake huongezeka kwa zaidi kidogo ya asilimia moja na nusu. Lita ya adhuhuri si lita ya alfajiri.

Baada ya hayo yote ndipo tufike kwa dereva. Mkono wake una athari kubwa: akikimbia na kufunga breki ghafla, akichelewa kubadili gia, au akiliacha gari likinguruma nusu saa akisubiri mtu, mafuta hupotea bila mtu kuyaiba. Hapa sina budi kutaja jambo ambalo ni la uhai kuliko fedha. Dereva anayeogopa kuulizwa kuhusu mafuta hushawishika kuteremka Sekenke kwa gia huru, akidhani anabana matumizi. Amekosea. Gari likiteremka ndani ya gia huku mguu umeondolewa kwenye mafuta, pampu hukata dizeli, na magurudumu ndiyo huizungusha injini. Likiwekwa gia huru, injini hudai mafuta yake ya kungurumia. Zaidi ya hayo, breki hubaki peke yake. Kwa pikapu ya tani 3, joto la kila meta 100 za kuteremka latosha kuchemsha kama lita 8 za maji. Joto hilo likiingia katika breki, hulegea pale zinapohitajiwa zaidi. Utawala unaodai tarakimu nzuri bila kueleza haya unamsukuma mtu wake kwenye korongo.

Nini basi kifanyike? Rai yangu ni nyepesi. Kwanza, kila gari liwe na daftari lake, na lijazwe tangi hadi pomoni kwa pampu moja yenye alama ya Wakala wa Vipimo. Hesabu ifanywe kwa safari za kwenda na kurudi, si kwa upande mmoja, na mzigo uandikwe. Pili, dashibodi ilinganishwe na nguzo za kilomita barabarani. Tatu, kabla ya kumshutumu yeyote, madereva wabadilishane magari kwa mwezi mmoja. Tofauti ikibaki na gari, aitwe fundi. Ikimfuata dereva, asafiri naye mtu ajuaye kazi, aone kama ni mazoea mabaya ya kufundishika au ni wizi wa kuadhibiwa.

Jaribio hilo halihitaji maabara wala mgeni kutoka ng'ambo. Lahitaji kalamu, daftari na uvumilivu wa mwezi mmoja. Mwizi hatanusurika nalo, na mtu mwaminifu hatapoteza mkate wa watoto wake kwa kosa la mlima.