Kabla Uchukue Masta, Uliza Mlango Gani Umefungwa

Wasee, kuna ushauri mmoja ambao kila mtu aliyemaliza kampo bila kazi hupewa bure: "Si urudi tu shule ufanye masta?" Unaupata kwa anko kwenye harusi, kwa jirani mkingoja mat, na kwa mathe ambaye tayari anawaza ni ng'ombe gani anaweza kuuza. Najua unatoka kwa upendo. Lakini naona umegeuka njia ya kuahirisha shida, na bili inalipwa na mtu mwingine nyumbani.

Msimamo wangu ni huu: digrii ikikwama, anza kwa kuuliza ni mlango gani haufunguki, na ni karatasi gani hasa inaufungua. Kuna kozi fupi ya baada ya digrii ambayo watu huipita kama haipo. Vitabuni inaitwa stashahada ya uzamili, sisi tunaiita PGD. Kwa watu wengi, hiyo ndiyo ingetosha.

Hebu tuanze na heshima, maana naona hapo ndipo wengi hukwama. Watu hudhani PGD ni ya waliokosa masta. Hapana. Mfumo wa kitaifa wa sifa za elimu, ule unaosimamiwa na KNQA, una ngazi 10. Digrii ya kwanza iko ngazi ya 7, masta ya 9, PhD ya 10. Ile ya 8 katikati ndiyo nyumba ya PGD. Ni hatua halali ya ngazi, lakini kwa sababu haikupi herufi tamu za kuweka mbele ya jina, tunairuka.

Sasa angalia kazi inayofanya.

Umemaliza LLB, miaka 4. Kijijini washaanza kukuita wakili. Pole, bado. Kwa njia ya kawaida lazima upitie Kenya School of Law, ufaulu mitihani ya Baraza la Elimu ya Sheria, ufanye mafunzo chini ya wakili kwa miezi 6, ndipo uapishwe mbele ya Jaji Mkuu. Ile programu ya mawakili ni PGD. Unaweza kuongeza masta ya sheria juu ya LLB yako ukitaka, lakini masta hiyo peke yake haikupi ruhusa ya kusimama kortini kumtetea mtu.

Ama chukua ualimu. Ulisoma BA ama BSc, say Kiswahili na Historia, ama Hisabati na Fizikia. Somo unalijua vizuri kabisa. Lakini Sheria ya TSC ya 2012 inasema hakuna kufundisha bila kusajiliwa, na hiyo ni hadi shule za kibinafsi. Mtu ambaye hakusoma ualimu kwenye digrii husajiliwa akiwa na PGDE, yaani PGD ya elimu. Ni kama mwaka mmoja, na ndani yake kuna mazoezi ya kufundisha darasani, na watoto wa ukweli wanaokuuliza maswali ya ukweli. Masta ya Historia haikufanyi mwalimu wa sekondari. PGDE inakupeleka hapo.

Kwa hivyo mtu anaweza kutumia miaka miwili na zaidi kwa masta, arudi kwenye ule mlango, na aukute umefungwa vilevile.

Na hiyo miaka miwili ni ya kwenye karatasi. Masta nyingi hapa nchini zina madarasa, halafu tasnifu. Madarasa unayamaliza. Tasnifu ndiyo huzika watu. Nina rafiki aliyemaliza madarasa mapema tu. Sasa ni mwaka wa nne, kila mara anamtumia msimamizi wake sura ya pili na kungoja. Na akiambiwa arekebishe, anarekebisha, anatuma, anangoja tena. Karo ya kujisajili inaendelea kudaiwa. Ukimuuliza anafanya nini maishani, anasema "niko shule", na nyote mnabadilisha mada.

Pesa pia tuiongee. Ule ufadhili wa bendi ulioanza 2023 ulitengenezewa wanaoingia digrii ya kwanza na vyuo vya TVET. Ukirudi shule baada ya digrii, mzigo mkubwa wa karo ni wako na watu wako. Na HELB ya kwanza haijakusahau. Hapo ndipo naona tofauti ya mwaka mmoja na miaka mitatu inakuwa kitu kizito. Ni karo ya mdogo wako. Ni shamba ambalo halikodishwi tena kwa sababu lishauzwa.

Lakini sitaki uniskie nikisema PGD ni dawa ya kila kitu. Ina mitego yake, na hii ndiyo ninaiogopa zaidi.

Mtego wa kwanza ni KCSE. Kwa ualimu wa sekondari, TSC huangalia hadi huko nyuma: C+ kwa jumla, na C+ kwenye masomo mawili utakayofundisha. Ukiwa na digrii nzuri lakini ulipata C kavu kwenye moja ya hayo masomo, unaweza kulipa, kusoma, kufaulu PGDE, halafu ukataliwe usajili. Usingoje chuo kikuambie. Chuo kinataka mwanafunzi. Soma masharti ya TSC mwenyewe kabla ya kutuma hata shilingi.

Mtego wa pili: kusajiliwa si kuajiriwa. Walimu tarajali wa JSS walikuwa na kila karatasi inayotakiwa, na bado walikuwa wanalipwa 20,000 kwa mwezi kabla ya makato. Mwaka 2024 waliingia barabarani kudai ajira ya kudumu. PGDE inakuingiza kwenye foleni. Haikuhakikishii kiti.

Mtego wa tatu ni vyeti vya mtandaoni kutoka nje. Siku hizi unaweza kusomea Kayole na chuo kiko Uingereza, na baadhi ni vizuri kabisa. Lakini jua unanunua nini. Kule, cheti cha uzamili ni krediti 60, stashahada ya uzamili 120, masta 180. Ukiona tangazo la "cheti" ambalo halitaji krediti wala ngazi, huenda ni cheti cha kushiriki tu, kama kile cha semina. Na kama unataka kukitumia kazini hapa, uliza KNQA na CUE mapema kama kitatambuliwa.

Kuna watu nitawaambia waende masta moja kwa moja. Kama ndoto yako ni kufundisha chuo kikuu ama kufanya utafiti, utahitaji masta na PhD, na PGD haitakupunguzia hiyo safari sana. Kama tangazo la kazi unayoitaka limeandika masta wazi, nenda. Sina shida na masta. Shida yangu ni masta inayochukuliwa kwa sababu nyumbani kumekuwa na kelele ya "unafanya nini siku hizi".

Kwa hivyo kabla hujajaza fomu, kaa chini na maswali matatu. Ni kazi gani, kwa jina, karatasi hii inanifungulia? Nani anaitambua, na nimesoma masharti yake mwenyewe ama nimeambiwa tu? Na nikiamua kuendelea baadaye, chuo kitanihesabia masomo haya kwenye masta, ama nitaanza sifuri? Hilo la tatu liulize kwa maandishi, upate jibu kwa maandishi. Jibu la mdomo kwenye dawati la wageni halitakusaidia baada ya mwaka.

Ukishindwa kujibu la kwanza, funga fomu. Bado hujakosa masomo, umekosa habari, na habari haiuzwi kwa muhula. Tafuta mtu mmoja anayefanya kazi unayoitaka na umuulize alipitia wapi.

Na kama ushafanya PGD, ongea. Sema ilikugharimu ngapi, ilikuchukua muda gani, ilikufikisha wapi. Wengi wetu tunaamua mambo ya laki nzima kwa kusikiliza anko wa harusi.