Mapumziko ni Haki, si Tiketi ya Getini

Imejengeka katika nchi tajiri, na hasa Marekani, imani kwamba mzazi hajatimiza wajibu wake mpaka awe amewapeleka wanawe, walau mara moja, katika vile viwanja vikubwa vya burudani ambavyo mashuhuri kupita vyote ni Disneyland ya California na Walt Disney World ya Florida. Imani hiyo haikushuka kutoka mbinguni. Ilitengenezwa, ikasambazwa, na leo inatozwa kiingilio. Swali ambalo yatupasa kulijibu bila kuoneana haya ni hili: je, gharama inayotwishwa familia ya mfanyakazi kwa ajili ya safari hiyo inalingana na kile ambacho familia hiyo inakipata?

Jibu la makala hii ni kwamba hailingani. Furaha ya mtoto ni jambo kubwa, na hakuna mwenye akili atakayeibeza. Lakini sehemu kubwa ya fedha zitolewazo katika viwanja hivyo hailipii furaha. Hulipia kuondolewa usumbufu ambao mwenye kiwanja ndiye aliyeupanga, na hulipia kuituliza dhamiri ya mzazi ambaye ajira yake imemnyima muda wa kukaa na wanawe.

Tuanze na hesabu, maana hesabu haina upendeleo. Walt Disney World ilipofunguliwa tarehe 1 Oktoba 1971, kitabu cha tiketi kilichojumuisha kiingilio cha mtu mzima na kupanda vyombo 11 vya burudani kiliuzwa kwa dola 5.75. Tukizingatia kupanda kwa bei tangu mwaka huo, fedha hizo ni sawa na dola 45 hivi za mwaka 2024. Lakini mwezi Oktoba 2024, katika kiwanja ndugu yake cha California, tiketi ya siku moja katika siku za bei ya juu ilifikishwa dola 206 kwa kila mtu mwenye umri wa miaka 10 na kuendelea. Ni kweli kwamba tiketi ya siku hizi humruhusu mtu kupanda vyombo bila idadi. Hata hivyo, kwa urefu wa foleni zilizopo, idadi hiyo hujiwekea mpaka yenyewe.

Sasa tumchukue mfanyakazi wa jimbo kama Texas au Alabama, ambako kima cha chini cha mshahara ni kile cha taifa, yaani dola 7.25 kwa saa, kiwango ambacho hakijapandishwa tangu mwaka 2009. Mfanyakazi huyo akiwa na mwenzi wake na watoto wawili waliovuka miaka 10, tiketi za siku moja tu ya bei ya juu, kwa bei hiyo ya Oktoba 2024, zingemgharimu dola 824. Kuzipata fedha hizo ingembidi afanye kazi saa 114, yaani karibu wiki tatu nzima, kabla hajakatwa kodi, kabla hajalipa nauli, kabla hajalala hotelini, na kabla mtoto hajasema ana njaa.

Wako watakaosema kwamba si siku zote zenye bei hiyo, na kwamba ziko siku ambazo tiketi hushuka hadi dola 104. Hoja hiyo ina ukweli, lakini ukweli wake ndio unaoumbua. Siku za bei nafuu ni zipi? Kwa sehemu kubwa ni zile za katikati ya wiki, wakati shule ziko wazi na watoto wako darasani. Shule zikifungwa, bei inapanda. Kwa maneno mengine, familia yenye mtoto wa shule, ambayo ndiyo inayotajwa katika kila tangazo, ndiyo inayotegewa bei ya juu.

Walimu wataelewa upesi matokeo ya utaratibu wa namna hiyo. Mwezi Aprili 2015, baba mmoja wa kisiwa cha Isle of Wight, Uingereza, alimtoa binti yake shuleni muhula ukiendelea, bila ruhusa ya mwalimu mkuu, akampeleka Florida kwa siku 7. Alitozwa faini, akakataa kulipa, na shauri likapanda hatua kwa hatua hadi Mahakama ya Juu ya nchi hiyo, ambayo Aprili 2017 iliamua kwamba mtoto huhesabiwa kuwa anahudhuria masomo ipasavyo pale tu anapofuata kanuni za shule. Mahakama ilisimama upande wa darasa, na ilistahili kusimama huko. Lakini wafanyabiashara wa safari, ambao bei zao hupanda kila shule zinapofungwa na hivyo kuwashawishi wazazi kuivunja kalenda ya masomo, hawakuitwa kizimbani.

Tuje kwenye foleni. Mwaka 1999 Disney ilianzisha utaratibu wa kumpa mgeni kikaratasi cha muda maalumu, ili arudi saa fulani na kupanda chombo bila kusubiri sana. Huduma hiyo ilikuwa ya bure kwa kila mwenye tiketi, tajiri na maskini. Mwaka 2021 iliondolewa, na mahali pake pakawekwa njia ya mkato ya kulipia. Kufikia Oktoba 2024 ilitangazwa huko Florida tiketi ya ziada ya kupita mbele ya wenzako ambayo bei yake, kutegemea siku na kiwanja, ilikuwa kati ya dola 129 na dola 449 kwa mtu mmoja kwa siku moja, juu ya kiingilio.

Msomaji na atafakari maana ya jambo hili. Mwenye kiwanja anayo nguvu ya kupunguza idadi ya watu, na anayo nguvu ya kuongeza vyombo. Lakini foleni ikiisha, bidhaa yake moja imekufa. Kwa hiyo foleni inakuwa mali, na kero inakuwa mtaji. Na mtoto aliyeletwa kwa jasho la wiki tatu husimama juani akiwatazama watoto wa wenye nacho wakipita pembeni, na hujifunza hapo somo la matabaka ambalo hakuna mtaala wa shule ungethubutu kulifundisha waziwazi.

Watetezi wa viwanja hivi wana hoja tatu kubwa. Hoja ya kwanza ni kwamba hakuna anayelazimishwa kwenda. Historia inakataa. Kipindi cha televisheni cha Disneyland kilianza kurushwa Marekani Oktoba 1954, na kampuni ya televisheni ya ABC iliyokirusha iliweka fedha zake katika ujenzi wa kiwanja. Geti lilifunguliwa Julai 1955. Maana yake, kwa miezi kadhaa kabla ya tofali la mwisho kuwekwa, watoto walikuwa wamekwisha kuambiwa kila wiki, sebuleni mwao, kwamba iko nchi ya ajabu inayowangoja. Wahenga walisema chema chajiuza, kibaya chajitembeza. Hapa bidhaa ilijitembeza, tena ikampita mzazi na kwenda kwa mtoto, kwa sababu mtoto hajui riba ni kitu gani.

Na riba ipo. Mwaka 2024 kampuni ya LendingTree ya Marekani, ambayo yenyewe ni ya biashara ya mikopo, ilitangaza matokeo ya uchunguzi wake kwamba miongoni mwa wazazi wenye watoto wa chini ya miaka 18 waliokwisha kwenda katika viwanja vya Disney, 45 katika kila 100 waliingia katika deni kwa ajili ya safari hiyo, na kwamba wastani wa deni ulikaribia dola 2,000. Kukopa harusi, kulipa matanga.

Hoja ya pili ni ya kumbukumbu. Husemwa kwamba fedha huisha lakini kumbukumbu hubaki, na uchunguzi huohuo ulionyesha kwamba wengi wa waliokopa hawajuti. Lakini kutojuta si kipimo cha thamani. Mtu aliyejinyima miezi mingi kwa ajili ya jambo ni nadra kukiri mbele ya muulizaji kwamba jambo lenyewe halikustahili, hasa ikiwa kukiri huko ni kama kusema kwamba siku njema ya mwanawe haikuwa njema. Swali la haki zaidi ni hili: je, kumbukumbu hiyo isingepatikana kwa njia nyingine?

Jibu alilitoa Walt Disney mwenyewe bila kukusudia. Alisimulia kwamba wazo la kiwanja chake lilimjia akiwa ameketi kwenye benchi katika bustani ya Griffith, mjini Los Angeles, akiwatazama binti zake wawili wakipanda bembea ya kuzunguka. Bustani hiyo ni mali ya umma. Ardhi yake ilitolewa kwa mji huo mwaka 1896 iwe ya watu wote, na hakuna anayelipa kiingilio kuitembelea. Wazo la kuuza furaha ya familia lilizaliwa mahali ambapo familia ilikuwa tayari inafurahi kwa senti chache za bembea.

Hoja ya tatu ni ya ajira. Ni kweli kwamba viwanja hivi vimeajiri maelfu ya watu. Lakini uchunguzi uliofanywa miongoni mwa wafanyakazi wa Disneyland na kutangazwa mwaka 2018 ulionyesha kwamba karibu robo tatu ya waliohojiwa walisema mshahara hauwatoshi kwa mahitaji ya lazima, na zaidi ya mmoja katika kila 10 alikuwa amepata kukosa makazi katika miaka 2 iliyotangulia. Wafanyakazi hao walidai kupitia vyama vyao, na kuanzia Januari 2019 kima cha chini cha wengi wao kikafikishwa dola 15 kwa saa. Hatua hiyo yastahili kupongezwa, na pongezi ni za waliodai. Kwa mwaka wa fedha 2018, mkuu wa kampuni alipata zaidi ya dola milioni 65.

Sisi tusomao Kiswahili tusidhani kwamba habari hizi ni za mbali. Katika kiwanja cha Animal Kingdom, kilichofunguliwa Florida mwaka 1998, kimejengwa kijiji cha bandia cha Afrika Mashariki kiitwacho Harambe, chenye kuta zinazoiga Lamu na vibao vya Kiswahili, na kando yake mgeni hupanda gari la kutazama wanyama katika safari iliyopewa jina la Kilimanjaro. Maneno "hakuna matata", ambayo bibi zetu waliyasema bila leseni, yalisajiliwa Marekani mwaka 2003 kuwa alama ya biashara ya Disney kwa ajili ya mavazi. Tusipokuwa macho, iko siku mtoto wa hapa atatamani kuiona Lamu ya Florida huku Lamu ya kwao akiiona ni kijiji cha kawaida.

Mzizi wa jambo lote ni muda. Sheria ya taifa ya Marekani haimlazimishi mwajiri binafsi kumpa mfanyakazi wake hata siku moja ya likizo yenye malipo. Mzazi aliyebahatika kupata siku chache tu kwa mwaka hujaribu kuzijaza kila kitu ambacho wiki nyingine 51 zimekosa, na mwenye kiwanja anamngoja getini. Ufaransa ilichukua njia nyingine. Sheria ya Juni 1936 iliwapa wafanyakazi wiki 2 za likizo yenye malipo, na serikali ikaweka nauli ya treni iliyopunguzwa kwa asilimia 40. Mamia ya maelfu ya watu waliitumia mwaka huohuo, wengi wao wakiiona bahari kwa mara ya kwanza. Mwaka 1982 likizo hiyo ikafikishwa wiki 5. Bahari haikuhitaji geti.

Wala haisemwi hapa kwamba kila kiwanja cha burudani ni mtego. Huko Pennsylvania kipo kiwanja cha Knoebels, kilichofunguliwa mwaka 1926, ambacho mpaka leo hakitozi kiingilio wala maegesho ya gari. Mtu hulipia chombo anachopanda, na bibi aliyekuja kuwatazama wajukuu haombwi kitu. Biashara ya haki inawezekana, na kwa sababu inawezekana, ile isiyo ya haki haina udhuru.

Kwa upande wetu, Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inampa mfanyakazi wa Tanzania siku zisizopungua 28 mfululizo za likizo yenye malipo katika mzunguko wa mwaka. Hii ni mali kubwa kuliko tiketi yoyote. Lakini ni mara ngapi mtumishi huiahirisha, au huitumia kutafuta fedha za kumnunulia mtoto kitu cha kumfidia kutokuwapo kwake? Na viwanja vya wazi vilivyotengwa kwa michezo ya watoto katika miji yetu, ambavyo ndivyo benchi na bembea ya mtoto wa mnyonge, vingapi vimevamiwa na kuwa maduka na maegesho huku wenye dhamana wakitazama kando?

Ndugu walimu na watumishi wa umma, kazi yetu iko hapo. Tuchukue likizo zetu tukae na wanetu, tuwapeleke kwa babu na bibi zao, ufukoni na mbugani, ambako raia hulipa kwa shilingi kiingilio kilicho chini sana ya kile cha mgeni. Tudai kiwanja cha wazi kilichoporwa kirudishwe, na kilichobaki kilindwe. Mtoto atakayekuwa na mzazi aliyepumzika na mahali pa kuchezea hatakuwa amepungukiwa na kitu ambacho Florida inacho.