Ukishaitwa gaidi, adhabu imeshaanza

Makamanda, tarehe 9 Aprili 2025 Mwenyekiti wetu Tundu Lissu alikamatwa Mbinga baada ya mkutano wa hadhara. Kwa sisi wa huku ziwani Mbinga ndiyo mjini. Unatoka Liuli, unapita Mbamba Bay, unapanda milima ya Wamatengo, umefika. Kesho yake alikuwa Kisutu, Dar es Salaam, akisomewa shtaka la uhaini.

Nyumbani wanajua nasoma sheria, kwa hiyo simu haikupumzika. Mjomba wangu hakuuliza uhaini ni nini. Aliuliza, "Sasa mwanangu, dhamana wanampa lini?" Nikamwambia, "Mjomba, hilo kosa halina dhamana." Akanyamaza kidogo, akasema, "Basi wameshamaliza kazi." Hajasoma sheria hata siku moja, lakini nadhani alielewa kesi ile kuliko baadhi ya wanaoichambua kwenye redio.

Siku hiyohiyo Kisutu Lissu alisomewa na kesi ya pili, ya kuchapisha taarifa za uongo mtandaoni. Hiyo ina dhamana. Kama ingekuwa peke yake, angeweza kusubiri kesi akiwa kwake. Ni shtaka la uhaini lililofunga mlango.

Kifungu chenyewe wanasheria tumezoea kukiita kwa namba, 148(5), cha Sheria ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai. Kinataja makosa ambayo mahakama haiwezi kutoa dhamana: mauaji, uhaini, unyang'anyi wa kutumia silaha, utakatishaji fedha, ugaidi na mengine. Hakimu haulizwi kama mtuhumiwa atatoroka au atavuruga ushahidi. Anasoma jina la kosa, basi. Na jina la kosa halichagui yeye, linachaguliwa na upande wa mashtaka.

Tumeshaliona hili mara nyingi. Machi 2013 Wilfred Lwakatare, wakati huo mkurugenzi wa ulinzi na usalama wa chama, alishtakiwa kwa ugaidi. Mei mwaka huohuo Mahakama Kuu ikayafuta mashtaka ya ugaidi, likabaki la kula njama ya kumdhuru mtu kwa sumu. Neno ugaidi lilipotoka, dhamana ikapatikana, akatoka Juni. Mtu ni yuleyule na tuhuma zilitoka kwenye tukio lilelile. Kilichobadilika ni jina.

Kisha Freeman Mbowe. Alikamatwa Mwanza Julai 21, 2021, alikokwenda kwa ajili ya kongamano la Katiba mpya, akashtakiwa kwa ugaidi pamoja na wenzake watatu waliowahi kuwa askari. Februari 18, 2022 Jaji Tiganga akasema wana kesi ya kujibu. Machi 4, kabla utetezi haujaanza, DPP akaondoa mashtaka. Hesabu mwenyewe kutoka Julai 21: siku 226. Hakuna aliyetiwa hatiani, hakuna aliyeachiwa kwa hukumu, na hakuna aliyeulizwa zile siku zilikuwa za nini.

Nasi tusijifanye kwamba haya yalianza na viongozi wetu. Masheikh wa Uamsho walikamatwa Zanzibar, wakaletwa bara wakashtakiwa kwa ugaidi mwaka 2014, wakatoka Juni 2021 DPP alipoondoa mashtaka. Miaka karibu saba. Kusema kweli, wengi wetu hatukupiga kelele za kutosha wakati ule, na tulipaswa.

Sasa kuna hoja ambayo sitaki kuipita juu juu, kwa sababu huwa naisikia hata nyumbani: ugaidi upo. Ni kweli upo. Agosti 7, 1998 balozi za Marekani zililipuliwa Dar es Salaam na Nairobi. Oktoba 2020 kijiji cha Kitaya, Mtwara, kilivamiwa na watu waliotoka Msumbiji. Mwishoni mwa 2021 mashambulizi yalifika wilaya ya Mecula, jimbo la Niassa, na Niassa inapakana na mkoa wetu wa Ruvuma. Kwa hiyo mtu wa Liuli hawezi kusema sheria ya ugaidi haimhusu.

Lakini hebu fikiria jinsi sheria hiyo inavyofanya kazi ufukweni. Ziwa hili halina ukuta. Tuna ndugu Msumbiji, tuna ndugu Malawi, mitumbwi inavuka na usipa, mahindi, hata wageni wa msiba. Mtu wa kwanza kuona sura asizozielewa zikishuka usiku ni mvuvi aliyeko majini, si ofisa wa usalama. Mvuvi huyo atakwenda polisi kama anaamini ataandikwa shahidi. Akiwa amesikia kwamba ukiingizwa kwenye jalada lenye neno hilo unaweza kukaa ndani miaka saba bila hukumu, atavuta nyavu zake na kunyamaza. Nani atamlaumu? Kila kesi ya ugaidi ya kisiasa inampunguzia polisi wa mpakani macho na masikio.

Na hata Sheria ya Kuzuia Ugaidi ya 2002 haikuandikwa kwa upofu wanaoutumia. Fasili yake inasema kitendo kinachovuruga huduma katika maandamano au mgomo hakihesabiwi ugaidi, ilimradi hakikukusudiwa kuleta yale madhara makubwa yaliyotajwa humo. Bunge liliweka mstari. Tatizo ni kwamba mstari huo unajadiliwa kwenye kesi, na kesi inakuja baada ya mahabusu.

Mahakama nazo zimeyumba. Mwaka 1991, kwenye kesi ya Daudi Pete, Mahakama ya Rufani chini ya Jaji Mkuu Nyalali ilibatilisha sehemu ya kifungu kilekile cha 148(5). Mei 2020 Mahakama Kuu, kwenye kesi ya Dickson Sanga, ikasema kifungu chote kinavunja Katiba. Agosti mwaka huohuo Mahakama ya Rufani ikaitengua. Mimi nadhani Mahakama Kuu ndiyo iliyokuwa sahihi. Simaanishi kila mtuhumiwa wa ugaidi atoke. Namaanisha DPP asimame mbele ya jaji, aeleze kwa ushahidi kwa nini huyu akae ndani, na jaji awe na mamlaka ya kusema hapana.

Hili linawezekana hata bila Katiba mpya. Ni marekebisho ya kifungu kimoja, yanatosha ukurasa mmoja. Kwa hiyo kwenye vikao vya matawi tukidai mageuzi tukitaje kwa namba, ili mbunge akija asijibu kwa maneno ya jumla. Kifungu ninacho kwenye simu, anayekitaka aseme nimtumie. Mjomba nimeshamtumia.